BEGA LA MSHUA: MSIKIMBILIE KISU

Leo tuwape mapumziko wapenzi wenu, tuongelee bega la mshua.

Ndiyo, bega. Mzee aliyekuwa akikurusha juu ulipokuwa mtoto, leo kuvaa shati tu ni shughuli. Au bi mkubwa hawezi kuinua mkono ajisuke, na akilalia upande ule usiku, usingizi unakata. Nyumbani kila mtu daktari: huyu anasema uzee, yule anasema jirani ana mkono mbaya, na binamu mwenye mshiko anataka mzee apasuliwe mara moja, michango ianze.

Subirini kwanza, jamani.

Bega linashikwa na misuli minne, na kano zake ndizo zinazoukumbatia mfupa wa mkono. Kano hizo huchakaa kama kamba ya kisimani, uzi mmoja mmoja, hadi zinachanika. Kwa watu waliovuka miaka 60 ni jambo la kawaida, na wengi wanatembea nalo bila maumivu yoyote. Kwa hiyo kipimo cha ultrasaundi au MRI kikionyesha kano limechanika, hiyo peke yake si tiketi ya kwenda chumba cha upasuaji.

Mwaka 2014 madaktari wa Finland walitoa matokeo ya utafiti wa mabega 180 ya watu waliovuka miaka 55, ambao kano lilichanika bila ajali. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya tiba tu. La pili lilifanya mazoezi na kukwanguliwa mfupa wa juu ya bega. La tatu lilipata yote hayo pamoja na kushonwa kano. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana!

Lakini msije mkasema nimewakataza operesheni. Huko Norway waliwafuatilia wagonjwa 103 kwa miaka 10, na walioshonwa mapema walikuwa na hali nzuri zaidi mwishoni. Kwa hiyo kisu kina kazi yake. Suala ni nani na lini.

Kama mzee ameteleza bafuni au ameangushwa na bodaboda, na tangu siku hiyo mkono haunyanyuki, hapo msilete masihara. Awahi hospitali siku hizohizo. Kano lililokatika likikaa sana linarudi nyuma, misuli inageuka mafuta, na kulishona kunakuwa kazi ngumu. Kama bega limeanza kuuma polepole tu, aanze na mazoezi ya mtaalamu kwa miezi mitatu hivi. Yakigoma, ndipo mkae na daktari wa mifupa.

Na msidanganywe kwamba bila kamera na matundu madogo hakuna upasuaji wa maana. Waingereza walilinganisha njia hiyo na ile ya kupasua wazi kwa wagonjwa waliovuka miaka 50, na baada ya miaka miwili matokeo yalikuwa sawa.

Sasa linalonikera mimi. Kwenye vikao vya familia tunahesabu pesa ya operesheni, halafu tunatawanyika. Hakuna anayeuliza habari ya baada ya hapo. Mkono unafungwa shingoni wiki nne hadi sita. Mzee hawezi kujifunga vifungo, kujiogesha vizuri wala kuendesha gari. Kisha yanafuata mazoezi ya miezi kadhaa, na asipoyafanya bega linakakamaa. Halafu umri unavyokuwa mkubwa, ndivyo kano lililoshonwa linavyoweza kuchanika tena.

Nani atamwogesha? Nani atamsindikiza mazoezini kila wiki, kwa daladala mbili? Kama jibu ni dada wa kazi peke yake, basi hamjawa tayari.

Muulizeni daktari mambo matatu: mchaniko una ukubwa gani, misuli bado ina uhai, na bila kisu itakuwaje? Halafu muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Anayetaka kulala bila maumivu si sawa na anayetaka kurudi kupanda minazi. Bega ni lake, ingawa michango ni yenu.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na leo ukifika nyumbani, mshushie bi mkubwa lile sufuria la juu kabatini.