Koti la Baridi katika Jua la Kang'ata

Tumechoka kuwaona dada zetu wakipikwa ndani ya makoti.

Asiyejua tunasema nini na afike Kang'ata, Wilaya ya Handeni, mwezi wa Februari, masika hayajaingia, saa nane mchana. Aingie katika ofisi yo yote iliyoezekwa kwa bati. Atamkuta mtumishi mwanamke, karani au mwalimu, amevaa koti jeusi la mikono mirefu, lina bitana, limembana kwapani, na vifungo vyote vimefungwa. Jasho linamtiririka mpaka kwenye karatasi anazoandika. Kando yake ameketi bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi, kola wazi, anajipepea kwa jalada. Mwulizeni dada huyo kwa nini anajitesa. Atawajibu, "Ndiyo nguo ya ofisi."

Nasi twauliza: ya ofisi ya wapi?

Koti lile lilikatwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya anayetoka nyumbani asubuhi ya baridi. Bitana iliwekwa makusudi, ili joto la mwili lisitoke. Kitambaa chenyewe mara nyingi ni poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya ardhini. Pamba ikikaa katika hewa ya kawaida hunywa unyevu kiasi cha 8 kwa mia ya uzito wake. Poliesta haifiki hata 1 kwa mia. Maana yake ni kwamba pamba hulipokea jasho na kuliachia hewani, bali poliesta huliacha palepale mgongoni. Koti hilo lilipomchosha mwenyewe, lilitupwa katika robota pamoja na wenziwe, likavuka bahari, likafika mnadani kwetu, likatundikwa kwenye kamba. Kule lilikuwa takataka ya msimu uliopita. Hapa limekuwa cheo. Kama hiyo si kasumba, basi neno kasumba halina maana tena.

Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini kabla ya kwenda mbele tuseme wazi: hatumlaumu dada yetu. Yeye ana mshahara mdogo na ana mkubwa wa kazi anayemtazama kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Tunaowalaumu ni wale wanaomtazama.

Kwa miaka zaidi ya hamsini, mavazi ya mwanamke yamejadiliwa katika nchi hii, na karibu mjadala wote umekuwa wa rula. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua zilikuwa zipigwe marufuku. Hata siku yenyewe haijafika, wasichana walikwisha kufanyiwa fujo Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kisa cha urefu wa sketi. Barua zikamiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Na katika miaka ile ile Wamasai walikuwa wakishurutishwa waache lubega wavae suruali. Msichana wa mjini alilaumiwa kwa Uzungu uliozidi, Mmasai akalaumiwa kwa Uzungu uliopungua. Wote wawili hawakuulizwa.

Vijana wale walikuwa na hoja moja ya kweli, nayo hatutaificha: nchi iliyojitawala haina budi kujitawala hata katika mavazi. Lakini hoja hiyo nzuri waliifikisha kwenye goti la msichana, wakaiachia hapo. Mwaka huo huo wa 1968 Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kisokote na kufuma pamba yetu wenyewe. Jibu lilikuwa pale, katika mashine zile. Laiti nusu ya nguvu iliyotumika kupima mapaja ingetumika kumshonea karani wa kike nguo nzuri ya kazi kwa kitambaa cha Urafiki, leo tusingekuwa na haja ya kuandika maneno haya.

Je, tumejifunza? Mwaka 2007 Serikali ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma, ukakataza nguo fupi, za kubana na za kuonyesha mwili. Tarehe 1 Juni 2021, Mbunge wa Momba, Ndugu Condester Sichalwe, aliamriwa kutoka nje ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, kwa ajili ya suruali aliyoivaa. Taifa zima likazungumza juu ya suruali ile: imebana au haikubana? Hatukumsikia mtu akiuliza suruali ilishonwa na nani, na kwa pamba ya nani.

Sasa tuwatazame wanaume. Wao walipoona tai na koti la mkoloni haviwafai katika joto, hawakungoja waraka. Walijishonea. Walichukua suti ya Kaunda, ya mikono mifupi, isiyotaka tai, wakaingia nayo ofisini na mkutanoni, na hakuna aliyesema wamekosa adabu. Mwanamume aliruhusiwa kuwa na heshima na upepo kwa pamoja. Mwanamke aliambiwa achague kimoja. Na tusijisifu mno, maana hata ushindi huo mdogo una maadui: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliikataza suti ya Kaunda bungeni. Miaka sitini ya kujitawala, na bado tai ndiyo bawabu mlangoni!

Historia hii ni ndefu kuliko mitumba. Karne ya kumi na tisa vitambaa vya pamba vya Marekani viliingia Unguja kwa meli, vikapanda bara pamoja na misafara, na jina lake tunalo mpaka leo: merikani. Babu zetu walijifunza mapema kwamba anayekuuzia nguo hukupangia na bei ya vitu vyako. Leo pamba hulimwa kwa jembe na jasho Shinyanga, Simiyu, Mwanza na mikoa jirani, kisha sehemu kubwa ya nyuzi zake hupelekwa nje zikiwa ghafi. Viwanda vingi vya nguo tulivyojenga baada ya Uhuru vilidhoofika au kufungwa, na milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, mitumba ilijaa nchini. Tunauza pamba, tunanunua poliesta iliyokwisha kuvaliwa. Ni biashara ya kipofu.

Watakuwapo watakaosema, "Ninyi waandishi mna maneno mengi. Mitumba ni rahisi, na muuzaji wa mitumba naye ana watoto." Ni kweli, na hatutaki muuzaji afe njaa. Tunajua pia kwamba jambo hili si la kumaliza kwa amri moja. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na vitisho vikafuata. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Basi mtu asituambie kwamba nguo ni jambo dogo la wanawake. Dola kubwa haigombani kwa jambo dogo.

Lakini lipo jambo ambalo Marekani haiwezi kutuzuia: kuamua nguo ipi ni ya heshima katika ofisi ya Kang'ata. Hilo liko mikononi mwetu.

Mtazameni fundi cherehani aliyeketi barazani, futi shingoni, chaki sikioni. Mtu huyu anaweza kukata nguo nzima kwa vipimo vya mwili wako. Tumempa kazi gani? Kupunguza kiuno cha koti la mtu wa Ulaya, kufupisha mikono, kubadili zipu. Mwashi tumemfanya mziba nyufa. Kijana aliyejifunza ushonaji VETA anatazama hali hii, anauza cherehani, ananunua bodaboda.

Nguo tunayoitaka si ndoto. Ni sketi ya pamba iliyokatwa ikakaa kiunoni vizuri, yenye rinda nyuma ili mwenyewe apande gari na kushuka bila taabu. Ni blauzi ya mikono mifupi yenye nafasi kwapani. Ni gauni la kitenge lenye kola na mifuko ya kweli, maana mwanamke naye ana kalamu na funguo. Na kama koti lahitajika, liwe jepesi, lisilo na bitana, mishono yake imemalizwa vizuri ndani. Yadi sita za kitenge, kwa fundi mwenye hesabu, hutoa sketi, blauzi na koti la namna hiyo. Huo ndio umaridadi: nguo iliyopimwa kwenye mwili wako, katika hali ya hewa yako. Lakini mwe macho, si kila kitenge ni pamba. Chomoeni uzi mmoja tu, mwuunguze kwa kibiriti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka ukawa shanga ngumu, mrudishieni mwenye duka kitambaa chake.

Basi twadai mambo manne. Kwanza, wakubwa wa maofisi watamke kwa maandishi kwamba nguo ya pamba iliyoshonwa vizuri, bila koti, ni vazi kamili la kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, siyo siku za sherehe tu. Pili, sare zote zinazonunuliwa kwa fedha ya umma zishonwe na mafundi wa wilaya ile ile, kwa kitambaa cha pamba ya nchi hii po pote kinapopatikana. Tatu, halmashauri zinatenga 10 kwa mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hizo 4 ni za wanawake na 4 za vijana: mafundi wajiunge, waombe, wanunue vyerehani, nasi tuwe wateja wao wa kwanza. Nne, wanaume wenye rula waziweke chini. Juu ya urefu wa sketi ya mwanamke mzima, mwenye kuamua ni yeye.

Tunawaambia wasomaji wetu wasingoje Dodoma. Kila mmoja ana mke, dada, binti au mwalimu wa mtoto wake anayefanya kazi ndani ya koti. Mwenye ofisi na aseme neno kesho asubuhi: "Mabibi, vueni makoti." Mwenye shilingi na aipeleke barazani kwa fundi.

Februari ijayo tutapita tena Kang'ata, saa nane mchana, tutazame koti lile jeusi liko wapi: mgongoni mwa dada yetu, au msumarini.