Risala ya Walezi na Watoa Huduma kwa Wazee wa Mji wa Babati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Babati;
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji;
Ndugu Mkurugenzi, Mganga Mkuu na Maafisa Ustawi wa Jamii;
Viongozi wa dini, wenyeviti wa mitaa na wawakilishi wa kampuni za simu;
Wazee wetu.

Sisi tunatoka Bagara, Bonga, Maisaka, Nangara, Sigino, Singe na kata nyingine za mji huu. Wamo wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini wengi wetu ni mabinti, wakwe na wajukuu tunaouguza wazee nyumbani bila mshahara. Risala hii ina jambo moja kuu: huduma za mzee zinahamia kwenye simu na mitandao, na mzee anaachwa nyuma.

Hatuipingi teknolojia. Mzee wa Sigino mwenye mtoto Dar es Salaam leo anatumiwa fedha ya dawa na kuipata siku hiyo hiyo. Mashine ndogo ya kupimia presha inamwonyesha mlezi hatari kabla kiharusi hakijapiga. Kwa kuwa tumeyaona manufaa hayo, tunadai yamfikie kila mzee.

MALALAMIKO YETU

1. Alama za vidole. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mikono iliyolima mahindi na mbaazi kwa miaka hamsini imesuguliwa hadi mashine haiisomi. Mzee anaishia kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu au jirani. Mjukuu akienda kutafuta maisha Mirerani na laini ikafungwa, fedha ya mzee inafungwa nayo.

2. Lugha na maandishi. Wazee wengi wanatumia kitochi. Menyu ya nyota na reli ina maandishi madogo, na kabla mwenye mtoto wa jicho au mkono unaotetemeka hajamaliza kuisoma, imeshajifunga. Ujumbe unakuja kwa Kiswahili au Kiingereza, ilhali wako wazee ambao Kigorowa, Kiiraqw au Kirangi ndicho wanachokielewa vizuri, na wengine hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma.

3. Utapeli. Kwa sababu hawezi kutumia simu peke yake, mzee anampa namba ya siri yeyote aliye karibu: kijana wa bodaboda, mpita njia, wakala asiyemfahamu. Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” umewaumiza wengi. Wapo waliopoteza fedha za matibabu wakanyamaza kwa kuona aibu mbele ya watoto wao.

4. Mtandao ukikatika. Mmoja wetu alimpeleka mama mkwe kwenye kituo kimoja cha afya. Mama ana zaidi ya miaka sabini na kitambulisho cha matibabu anacho, lakini waliambiwa mfumo hausomi, warudi kesho. Walirudi nyumbani kwa bajaji ya kukodi bila dawa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na kumpa stahili zake. Stahili hizo hazikuwekewa sharti la mtandao kuwepo.

5. Fedha. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo, wanawake wana 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Wazee na walezi wao hawana fungu lao.

MADAI YETU

Kwanza, huduma yoyote ya mzee isipatikane kwa simu au mtandao peke yake. Kila ofisi na kituo kiwe na mtu wa kumhudumia ana kwa ana, na mfumo ukigoma daftari litumike, taarifa ziingizwe baadaye.

Pili, kila robo mwaka NIDA na kampuni za simu zifike katika kata kwa siku ya wazee. Mzee ambaye vidole havisomeki apewe njia nyingine ya kuthibitishwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na laini irudi kwenye jina lake. Siku hiyo wafundishwe pia kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na kutoa taarifa za matapeli kwa namba 15040.

Tatu, kampuni za simu, zikisaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ziweke menyu ya sauti, ziongeze muda wa kujibu na kuanza kutumia lugha za wazee wetu.

Nne, kila mtaa uwe na msaidizi wa simu kwa wazee: mtu anayejulikana, aliyefunzwa, mwenye posho, aliyekula kiapo cha kutunza siri na asiyeruhusiwa kugusa namba ya siri ya mtu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unaweza kuwa mwanzo mzuri.

Tano, bajeti ya Halmashauri iwe na kifungu cha mashine za presha zinazotamka majibu kwa sauti, miwani ya kusomea na vifaa vya usikivu, kuanzia kwenye zahanati. Ombi la fungu la wazee katika ile asilimia 10 tunakuomba ulifikishe ngazi za juu.

Sita, mfumo wowote mpya ujaribiwe kwanza na mabaraza ya wazee. Wakishindwa kuutumia, urekebishwe kabla ya kuzinduliwa.

Kwa upande wetu, tutaorodhesha wazee wasio na laini zao katika mitaa yetu na kuikabidhi orodha hiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa ridhaa yao na kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahadi za jukwaani tumezisikia, na baadhi ya wazee waliozisikia pamoja nasi tumeshawazika. Safari hii tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai: lipi limekubaliwa, nani atalitekeleza na lini. Majibu hayo yasomwe mbele ya wazee wenyewe tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani.

Tunaomba kuwasilisha.

Walezi na watoa huduma kwa wazee,
Babati, Manyara.