Hiyo Chupa Iko na Lebo?

Wasee, tuache kudanganyana. "Paka mafuta tu" si ushauri wa kila kichwa.

Nywele zangu ni ndefu na nyembamba, na siku moja tu baada ya kuosha zinang'aa mafuta kama mandazi. Nikiongeza mengine, zinashikana. Kwa hivyo naosha kila baada ya siku mbili, na kondishena napaka nchani pekee. Basi.

Shida ni aleji. Daktari wa ngozi alinipima akapata ni kihifadhi kinachoandikwa Methylisothiazolinone, kile cha kuzuia bakteria na ukungu ndani ya chupa. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vya kupaka bila kusuuza. Kwa shampuu, bado kinaruhusiwa kidogo. Sasa mimi nisiposoma lebo, nitajuaje?

Mwezi jana niliingia saluni. Shampuu ilikuwa imemiminwa kutoka mtungi wa lita 5, chupa haina hata jina. Nikauliza. Nikaambiwa, "Hiyo ni ya kawaida, wewe unajiskia sana." Watu wakacheka, nikanyamaza kwa aibu. Siku mbili baadaye shingo ilijaa vipele, masikio yakavimba. Nililipia nywele, nikalipia na dawa.

Kusoma lebo si maringo. Msusi, lete huo mtungi niuone. Na wewe mteja, usinyamaze kama mimi. Wakikataa kukuonyesha, beba shampuu yako ama ubebe kichwa chako utoke.