MENO YA WAZEE NA MALI YA UMMA

Wahenga walisema, Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Juma hili twapenda kuongeza neno moja dogo: atoaye kwa mali ya umma hana budi kurudi na kutazama kama kile alichotoa kimemfaa aliyepewa. Mfano wetu watoka Korea ya Kusini.

Kila msomaji amemjua mzee kibogoyo. Nyama haiwezi, mahindi ya kuchoma ameyaaga, na maneno yake hutoka nusu nusu. Akialikwa karamuni hukaa pembeni na kusema ameshiba, kumbe njaa anayo.

Mwezi wa Julai mwaka 2012, bima ya afya ya taifa ya Korea ilianza kuwalipia meno ya bandia wazee wa miaka 75 na zaidi. Mwaka 2014 yaliongezwa meno ya kupandikizwa, yaani skurubu ndogo ya madini ya titani hutiwa ndani ya mfupa wa taya, na jino hujengwa juu yake. Umri wa kupata meno hayo ulishushwa hata miaka 70 mwaka 2015, kisha 65 mwaka 2016. Hapo kwanza mgonjwa alilipa nusu ya gharama. Mwaka 2017 sehemu yake kwa meno ya bandia ilipunguzwa ikawa 30 kwa mia, na mwaka 2018 ikawa hivyo kwa yale ya kupandikizwa.

Je, mpango huo ni mwema? Twaona mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, ulianza kwa wakongwe ukashuka hatua kwa hatua, ili hazina isielemewe. Uingereza ilipoanza kutoa meno ya bandia bure mwaka 1948, watu walimiminika, hata mwaka 1951 Serikali ikaamua kutoza ada, na Waziri Aneurin Bevan akajiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Pili, mzee wa Korea hakuachwa mlangoni baada ya kuvikwa meno. Aliruhusiwa kurudi kwa daktari katika miezi 3 ya kwanza ili yarekebishwe bila malipo mapya. Hilo ni jambo kubwa, maana meno mapya yakichubua ufizi, mwenyewe huyavua asiyavae tena.

Lakini kuna kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia. Taya likikosa meno, mfupa wake hupungua mwaka hata mwaka, na meno ya bandia ya chini hulegea na kuchezacheza. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, walikubaliana kwamba mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini yafaa atiwe vipandikizi 2, na meno yake ya bandia yashikizwe juu yake. Korea nayo iliruhusu vipandikizi 2 katika maisha ya mtu, ila kanuni yake iliwapa wale tu waliosaliwa na meno kinywani. Kibogoyo kamili aliambiwa avae meno ya kawaida, yale yale yanayolegea. Hivyo mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye aliyefungiwa mlango.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Serikali yo yote itakayojaribu kazi ya namna hii isiridhike na hesabu ya meno yaliyotengenezwa, kwa kuwa meno yaliyolala ndani ya bilauri kando ya kitanda nayo huandikwa katika vitabu. Mzee na afuatwe nyumbani kwake baada ya mwaka mmoja, aulizwe kwa upole: Baba, sasa wala nini? Akijibu kwamba jana alitafuna nyama pamoja na wajukuu wake, basi fedha za umma zimefika mahali pake. Akijibu kwamba bado anywa uji, wakubwa warudi mezani waitazame tena kanuni yao.