TUSILAUMU DAWA, TUPIME KIFUA

Watu wengine husema kwamba mtoto aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI akianza kumeza ARV hupatwa na pumu, kwa hiyo ni heri aziache. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari.

Chembe yenyewe ni hii. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi. Kati ya watoto wenye virusi waliopewa mchanganyiko wa dawa zenye nguvu, zaidi ya 30 katika kila 100 walikuwa wamehitaji dawa za pumu kabla ya kutimiza miaka 14. Kati ya wale wasiopata mchanganyiko huo, ni kama 11 tu.

Je, dawa hizo ni sumu? Hata kidogo! Virusi huua chembe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni majemadari wa jeshi la mwili. Jemadari akifa, askari hawapigani na adui, wala hawagombani na vumbi. Dawa zikizuia virusi, majemadari hurudi kazini; na katika mwili wenye asili ya pumu, askari huanza kupigana hata na vumbi na manyoya ya paka. Hapo njia za pumzi huvimba na kubana. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyolieleza jambo hili. Basi tupime wenyewe: pumu yaweza kutulizwa, lakini UKIMWI usiotibiwa huua. Aachaye ARV kwa kuogopa pumu amekimbia mvua akajitosa mtoni.

Hata hivyo, si kila akohoaye ana pumu. Huko Harare, Zimbabwe, waganga wameona vijana wengi waliozaliwa na virusi, wakachelewa kupata dawa, ambao vijia vidogo vya mapafu yao vimepata makovu. Makovu hayo hayafunguki kwa dawa ya pumu. Tena kuna kifua kikuu. Kwa hiyo mtu asikisie. Mgonjwa na apulize katika mashine ya kupimia pumzi, na makohozi yake yapimwe.

Jambo jingine ni kuficha. Ritonavir, dawa ambayo baadhi ya wagonjwa wa virusi hupewa, huzuia ini lisivunjevunje baadhi ya dawa za pumu za kuvuta, kama flutikasoni. Dawa hiyo hujaa mwilini, uso ukavimba, na mtoto akadumaa. Daktari akiambiwa mapema atachagua nyingine. Lakini ataambiwaje ikiwa mwanafunzi ameficha vidonge chini ya godoro kwa kuogopa kuchekwa? Mficha maradhi, kilio humfichua.

Hapo ndipo lilipo kosa letu, wanafunzi wenzangu. Anayemfanya mwenziwe afiche dawa ni sisi tunaonong'ona bwenini. Maoni yangu ni haya. Kwanza, mtu akimeza vidonge vyake saa yake, asiulizwe neno. Pili, anayehema katika mchakamchaka asiitwe mvivu, bali apelekwe kwa mganga. Tatu, tuache kuchoma takataka karibu na mabweni, na jiko letu la kuni lipate bomba la kutolea moshi, maana moshi hauchagui kifua.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Mawili ya kwanza hayahitaji hata senti moja. Mwenzetu aliyeponea chupuchupu utotoni amekuja hapa kusoma kama sisi. Tusimrudishe kaburini kwa ulimi.