Picha Bila Maelezo ni Ushahidi Nusu

Februari iliyopita nilikuwa Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, Kaunti ya Kwale. Kijana mmoja mpiga picha alinikaribisha barazani kwao, akanionyesha albamu yake ya mwaka mzima: harusi za majirani, safari za mashua kwenda kisiwani Wasini, vijana wakivuta nyavu, na kina mama wakivuna mwani maji yalipokupwa. Zilikuwa picha nzuri, nami nilizisifu bila unafiki.

Chini ya mojawapo palikuwa pameandikwa, "Kiangazi Kibuyuni". Niliipita bila kushtuka. Mama yake, ambaye hulima mwani, aliichukua akaitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hiki si kiangazi. Hii ni kusi. Tazama mwani ulivyonawiri." Kijana alikiri kwamba aliipiga Julai, ila watalii, ambao ndio wateja wake, huuita mwezi huo kiangazi. Mimi, pamoja na shahada zangu za isimu, niliona haya.

Mama yule alisema kweli. Kiangazi cha pwani yetu huja na kaskazi, takriban Desemba hadi Machi. Bahari hutulia na wavuvi hufika mbali, lakini maji ya kina kifupi hupata joto kali, na mwani huweza kupauka na kukatika. Julai ni kipupwe: kusi huvuma, mawimbi hukua, maji hupoa na mwani hustawi. Basi kijana hakukosea neno tu, bali aligeuza maana ya picha. Atakayeitumia miaka 30 ijayo kuchunguza mabadiliko ya tabianchi ataamini kwamba mwani wa Kibuyuni ulinawiri wakati wa joto kali.

Kosa hili tumelilea sisi walimu. Tunapofundisha tafsiri, huchukua majira manne ya Ulaya tukayavika majina yetu. Vuli, ambayo kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, tumeifanya majira ya miti kupukutisha majani. Kiangazi tumewapa Wazungu kwa Juni, Julai na Agosti. Mwanafunzi hupasi mtihani, kisha hutoka nje asiweze kuutaja upepo unaompiga usoni.

Wapo watakaosema kwamba picha hujieleza yenyewe. Sivyo. Tazameni kadi za posta za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20, kama zile za studio ya A. C. Gomes. Nyuso twaziona, mavazi twayaona, lakini nyingi hutaja kabila au kazi ya mtu tu, jina lake halimo. Tumelalamika sana, na kwa haki, kwamba wageni walitupiga picha bila kutuuliza sisi ni nani. Leo kamera imo mikononi mwetu, tena ndani ya simu, nasi twaendelea kuandika kwa macho ya mgeni.

Nawaomba walimu wa Kiswahili, wa Kwale na wa kwingineko, wajaribu zoezi moja. Kila mwanafunzi alete picha moja ya nyumbani, aketi na mzee anayeyajua mambo yaliyomo, kisha aandike nyuma yake: ni nani, ikiwa mwenyewe ameridhia, ni wapi, ni lini, pamoja na upepo na hali ya maji, kama ni bamvua au maji mafu, na kila chombo kinaitwaje katika usemi wa nyumbani, uwe Kivumba, Kichifundi au Kidigo. Picha hizo zihifadhiwe katika maktaba ya shule. Hapahitajiki fedha nyingi, yahitajika subira ya kusikiliza. Wazee wenye maneno hayo hawatatungoja milele.

Kabla sijaondoka, kijana aliyafuta maneno yake ya awali, akaandika mengine huku mama yake akimtajia: "Kusi, maji ya bamvua. Mama akivuna mwani." Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwanamke aliyeinama pichani alikuwa ndiye huyu aliyeketi mbele yangu. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa muda mrefu, na sikuwa nimeuliza.