Mlingoti wa Galme Washikwa na Nani?



Mama mmoja wa Kilifi ametuletea barua. Mwanawe amepata kazi ya ubaharia katika chombo cha matanga cha mgeni mmoja, kitiacho nanga horini huko, na kabla ya kaskazi kwisha watashuka Pemba na Unguja. Mama alipelekwa kukitazama chombo. Akauona mlingoti mkubwa umeshikwa mbele, nyuma na ubavuni, ilhali ule mdogo wa nyuma hauna hata kamba moja iliyoshuka mbele yake. Akarudi nyumbani, lakini usingizi haukurudi naye. Atuuliza: “Mlingoti ule washikwa na nani?”

Sisi si mafundi wa vyombo. Lakini tumezaliwa katika nyumba za mabaharia, na tuliyokuwa hatuyajui tumewauliza wayajuao.

Kwanza, mama yetu, mlingoti huo una jina katika lugha yetu. Ndio mlingoti wa galme. Mabaghala na mabumu yaliyokuwa yakija Mombasa na Lamu kwa upepo wa kaskazi yalikuwa nao: mkubwa katikati, na galme karibu na shetri. Chombo alichopanda mwanao Wazungu hukiita kechi. Nacho kina milingoti miwili, ule mfupi ukiwa nyuma, mbele kidogo ya usukani.

Galme si pambo. Tanga lake dogo hukipa chombo mizani. Upepo ukizidi, tanga kubwa huteremshwa, na chombo kikaenda kwa tanga la mbele na lile la nyuma, kimetulia. Na kinapotia nanga, tanga dogo la galme hukiweka omo yake ielekee upepo.

Mfano mashuhuri ni kechi iitwayo Suhaili, ya futi 32, iliyoundwa Bombay kwa mti wa msaji. Jina lake walilitoa katika upepo wa Ghuba, nasi neno hilo tunalo: suheli, yaani kusini. Mwingereza Robin Knox-Johnston aliondoka nayo Falmouth tarehe 14 Juni 1968, akaizunguka dunia peke yake bila ya kuingia bandarini, akarejea tarehe 22 Aprili 1969, siku 312. Mashindanoni walikuwamo watu tisa, na ni yeye pekee aliyemaliza. Njiani mtambo uliokuwa ukiushika usukani kwa niaba yake uliharibika. Tangu hapo akawa akiyapanga matanga yake, ya mbele na ya nyuma, hata yakalingana na chombo kikajiendea. Hiyo ndiyo faida ya galme.

Sasa twaja kwenye swali. Kwa nini galme haina kamba ya mbele? Kwa sababu mbele yake ndipo inapopita boriti ya chini ya tanga kubwa, ikigeuka huku na huku. Kamba ikishushwa hapo itaizuia. Na nyuma nako ni shida, kwani boriti ya galme yenyewe aghalabu hutokeza nje ya shetri. Basi fundi hutumia ubavu. Kila upande huteremsha waya zaidi ya moja: moja huvutwa kidogo mbele, nyingine kidogo nyuma, zikafungwa kwenye vyuma vilivyokazwa mbavuni mwa chombo. Hivyo waya za ubavuni hufanya kazi mbili, kuuzuia mlingoti usilale upande, wala usiinamie mbele au nyuma.

Wako mafundi wanaoongeza waya wa juu, kutoka kichwa cha mlingoti mkubwa hadi kichwa cha galme. Waya huo hukizuia kichwa cha galme kisivutwe nyuma. Lakini una hatari yake: mlingoti mkubwa ukianguka, huweza kuuvuta mdogo, yakawa maafa mawili kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo mabaharia wengi hupenda kila mlingoti usimame kwa waya zake. Mkubwa ukivunjika baharini, galme hubaki na kitambaa cha kuwafikisha watu nchi kavu.

Liko na jambo jingine. Mara nyingine huongezwa tanga jepesi baina ya milingoti miwili, nalo hukivuta kichwa cha galme mbele. Hapo hapana budi kuweko kamba ya kuhamishika, ifungwe nyuma upande wa joshini, utokako upepo, na ihamishwe kila chombo kinapogeuka. Wazee wetu walilijua hilo. Katika jahazi, kamba za kuushika mlingoti hupelekwa joshini, na henza yenyewe, iliyokwisha kulipandisha tanga, pamoja na gofia na jarari zake, hufungwa nyuma ikawa ndiyo tegemeo kubwa kuliko yote.

Na juu ya yote hayo ni mguu. Waya zikikazwa, huusukuma mlingoti chini kwa nguvu nyingi. Mlingoti mkubwa aghalabu husimama juu ya mkuku. Galme mara nyingi husimama juu ya sitaha tu, kwa kuwa chini yake mna mashine. Basi lazima chini ya sitaha pawe na nguzo imara ya kuupeleka uzito ule hadi chini. Nguzo ikioza, sitaha hubonyea na waya zote hulegea ingawa hakuna aliyezigusa. Baharia asiyejua huzikaza tena, naye kwa kukaza huko azidi kuibonyeza. Wazee walisema, tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata uzito wa galme marejeo yake ni huko.

Kwa hiyo, mama yetu, mwambie mwanao ayatazame haya kabla ya kung'oa nanga. Apitishe kitambaa juu ya waya kutoka mwisho hadi mwisho: kikikwama, pana uzi uliokatika. Atazame kutu panapoingia waya katika vyuma. Ahakikishe kila skurubu ya kukazia ina pini yake. Asimame chini ya galme atazame juu kama mlingoti umenyoka. Kisha ashuke chini aiguse nguzo, na aiangalie sitaha kama imebonyea. Na amuulize mwenye chombo kwa adabu: waya hizi zilibadilishwa lini? Mwenye chombo mwema hufurahi kuulizwa. Akikasirika, hicho si chombo cha kumkabidhi mwana.

Tulipokuwa tukiandika haya tulizikumbuka nyumba zetu. Wako mama wengi walio galme ya nyumba: wanashona kofia, wanakaanga mahamri alfajiri, wanaweka akiba kidogo kidogo. Wengine kila kitu chao kimefungwa kwenye kichwa cha mlingoti mkubwa. Jina la nyumba, akiba, hata karatasi za shule za watoto, vyote viko mkononi mwa mume, naye mwenyewe hakukusudia ubaya. Kisha siku moja mume huondoka duniani, na mjane huanza kuuliza karatasi ziko wapi. Tumewaona, na tumekaa nao eda. Mali ya mke ni yake. Na iwe na waya zake, na mguu wake, na ijulikane ilipo. Mume ampendaye mkewe atamsaidia kuzikaza leo, kungali shwari.

Mama wa Kilifi, mwanao akirudi salama, inshallah, tuandikie utwambie aliikutaje ile nguzo.